Kirusi kinaazima nini ndani ya seli?

Maelekezo yote ya kirusi cha UVIKO-19 yameandikwa kwa herufi 30,000 hivi za RNA. VVU ina chache zaidi, karibu 9,700, zenye jeni 9. Seli ya binadamu wanayoivamia ina herufi bilioni 3 katika kila seti ya kromosomu. Katika maelekezo mafupi kiasi hicho hakuna nafasi ya jeni za kutengeneza ribosomu, kinu cha protini, wala mitokondria ya kutoa nishati. Nje ya seli kirusi hakili, hakipumui, hakizaani. Kila kinachokosa inabidi kikiazime, na kila kinapoazima ndipo kinapoweza kuzuiwa. Tutaufuata mkopo huo hatua kwa hatua, tangu utando wa nje wa seli hadi kwenye kiini chake.

Mfano wa kufuli na ufunguo, ule unaofundishwa darasani kwamba kirusi huingia pale tu umbo lake linapolingana na kipokezi, yaani protini au sukari ya seli kinayojishikiza, ni sahihi kwa kiasi chake. Shida ni kwamba unaishia mlangoni, ilhali virusi vingi huingia kwenye seli na kufia humo bila kuzaa hata kimoja.

Mlangoni, na mlango uliojificha ndani

VVU hushika kipokezi CD4, kisha cha pili, ama CCR5 ama CXCR4. Kirusi cha UVIKO-19 hushika ACE2. Cha mafua hushika sukari iitwayo asidi sialiki, inayoning'inia kwenye protini na mafuta ya utando. Sukari hiyo huungwa kwa namna mbili: virusi vya mafua ya ndege hupendelea kiungo cha 2,3, vya binadamu hupendelea cha 2,6 ambacho kimejaa kwenye njia yetu ya juu ya hewa. Hii ni sababu moja ya mafua ya ndege kutosambaa kirahisi kati ya mtu na mtu. Ipo nyingine ndani ya kiini cha seli, tutaifikia.

Ebola ndicho kirusi kinachoharibu kabisa picha ya kufuli na ufunguo. Hujibandika juu ya seli bila kuchagua sana, na seli yenyewe inakimeza kama inavyomeza matone ya majimaji yanayoizunguka. Kifuko kilichokimeza kinashuka ndani kikizidi kuwa na asidi. Humo vimeng'enya viitwavyo kathepsini vinanyoa sehemu kubwa ya protini iliyo juu ya kirusi, na hapo tu ndipo kinapofunuka kipande kinachoweza kushika kipokezi chake halisi, NPC1. Protini hii haikai juu ya seli hata kidogo. Kazi yake ni kutoa kolesteroli kwenye vifuko vya ndani, karibu na mwisho wa njia ya usagaji.

Jambo hilo liligunduliwa 2011, na namna lilivyopatikana inafaa kutazamwa kwa karibu. Watafiti walichukua seli za binadamu zenye seti moja tu ya kromosomu badala ya mbili, ili jeni ikiharibiwa isiwepo nakala ya akiba. Waliharibu jeni kwa bahati nasibu katika mamilioni ya seli, kila seli ikikosa yake. Kisha wakazimwagia kirusi kisicho hatari sana kilichovishwa protini ya Ebola. Karibu seli zote zikafa. Zilizobaki hai ziliotesha makundi mapya, na DNA yake iliposomwa, jeni ya NPC1 ilikuwa imeharibika tena na tena. Seli zilizotoka kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa Niemann-Pick aina ya C, ambao NPC1 yao mara nyingi ndiyo yenye hitilafu, nazo zikakataa kuambukizwa. Siku hizi uchujaji wa namna hii hufanywa kwa CRISPR, zana ya kukata jeni iliyochaguliwa, jeni karibu 20,000 zikijaribiwa kwa mkupuo mmoja, lakini mantiki ni ile ile: usikiulize kirusi kinahitaji nini, iulize seli iliyonusurika imekosa nini.

Baada ya kushika kipokezi, kirusi chenye utando wa mafuta lazima kiuunganishe utando huo na wa seli, na protini inayofanya kazi hiyo mara nyingi huwa imefungwa kama mtego wa panya. Ili ufyatuke, wa mafua unahitaji mambo mawili. Kwanza protini ya hemaglutinini ikatwe vipande viwili na kimeng'enya cha seli. Pili asidi ya kifuko ifike pH ya 5 hadi 5.5 hivi. Ukataji ndio wenye uzito mkubwa kuliko unavyoonekana. Mafua ya kawaida yanakatwa na vimeng'enya vilivyo kwenye njia ya hewa, kwa hiyo maambukizi hubaki huko. Aina kali za mafua ya ndege zina herufi chache za ziada mahali pa kukatwa, kiasi kwamba hukatwa na furini, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli. Kwa kuku, tofauti hiyo ndogo hugeuza ugonjwa wa njia ya hewa na utumbo kuwa ugonjwa wa mwili mzima unaoua banda zima kwa siku chache.

Seli isiyofaa, jibu lisilofaa

Mwaka 2020 ulitoa mfano ghali wa kinachotokea usipojali ni seli gani unayoifanyia majaribio. Maabara nyingi hutumia seli za Vero, zilizoanzishwa Japani mwaka 1962 kutoka kwenye figo la tumbili. Zinamea kirahisi, zinagawanyika bila kuchoka, na zimepoteza jeni za intaferoni za aina ya kwanza, yaani haziwezi kupiga kengele ya kuwaonya majirani. Virusi huzipenda kwa sababu hizo hizo.

Klorokwini ilizuia kirusi cha UVIKO-19 kwenye seli hizi, na habari zikaenea dunia nzima. Dawa hiyo hupunguza asidi ndani ya vifuko vya seli. Katika seli za Vero kirusi hakina njia nyingine ila kupitia vifukoni, ambako kathepsini L inaukata mwiba wake, yaani protini inayochomoza juu yake, na kuufyatua. Seli za mapafu zina kimeng'enya kingine, TMPRSS2, kilichokaa juu ya utando. Kirusi hukatwa pale pale mlangoni na kuingia bila kushuka kifukoni. Jaribio liliporudiwa kwenye Calu-3, seli zinazotokana na mapafu ya binadamu, klorokwini haikuzuia kitu. Mwezi Juni mwaka huo jaribio kubwa la RECOVERY nchini Uingereza lilitangaza kwamba haidroksiklorokwini haikupunguza vifo vya wagonjwa waliolazwa. Jibu lilikuwa limeshajificha ndani ya chaguo la seli.

Seli hizo zina ubaya mwingine. Kirusi hicho kikioteshwa ndani yake mara chache mfululizo, huanza kupoteza sehemu ya mwiba inayokatwa na furini, kwa kuwa humo haina faida. Mtafiti akidhani anachunguza kirusi kilichotoka kwa mgonjwa, kumbe anachunguza kilichozoea figo la tumbili. Ndiyo maana RNA ya kila akiba mpya ya kirusi husomwa kabla ya jaribio, na anayeruka hatua hiyo kwa kuokoa siku mbili hujuta baadaye.

Kuteka kinu cha protini

Ndani ya seli kazi ya kwanza ya virusi vingi vya RNA ni kupata ribosomu. Seli ina mamilioni ya ribosomu, zote zina shughuli, na kirusi kimekuja na nakala moja ya maelekezo. Virusi mbalimbali vimepata hila tofauti.

Kirusi cha polio hakina kofia, ile alama ya kikemikali inayokaa mwanzoni mwa RNA mjumbe za seli, yaani nakala za jeni zinazosomwa ili kutengeneza protini, na kuzitambulisha kwa ribosomu. Badala ya kutafuta kofia, kirusi hukata eIF4G, protini inayounganisha kofia na ribosomu. RNA za seli zinabaki na kofia zisizosomeka, ilhali RNA ya kirusi ina mkunjo wake maalumu unaoivuta ribosomu moja kwa moja.

Kirusi cha mafua huiba kofia zenyewe. Kimeng'enya chake kinashika RNA mjumbe changa ya seli ndani ya kiini, kinakata herufi 10 hadi 13 za mwanzo pamoja na kofia, kisha kinakitumia kipande hicho kuanzia RNA yake. Dawa ya baloksaviri, iliyoidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018, inauzuia mkasi huo, nayo hunywewa dozi moja tu.

Kirusi cha UVIKO-19 hutumia protini ndogo iitwayo Nsp1. Picha za hadubini ya elektroni kwenye baridi kali, zilizotolewa 2020, zilionesha mkia wake umejisokota na kukaa ndani ya mfereji wa ribosomu, pale pale RNA mjumbe inapopaswa kupita. Ni kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Vipi basi protini za kirusi zinaendelea kutengenezwa? RNA zake zote zina kichwa kimoja chenye herufi 70 na kidogo, na mkunjo wa kwanza wa kichwa hicho ndio unaoziwezesha kuepuka kizibo. Faida kwa kirusi ni mbili: ribosomu zinaachwa wazi kwa ajili yake, na seli inashindwa kutengeneza intaferoni hata ikiwa imekwisha kugundua kwamba imevamiwa.

Sasa ile sababu ya pili kuhusu mafua ya ndege. Kimeng'enya kinachonakili RNA ya mafua hakifanyi kazi peke yake; kinategemea protini ya seli iitwayo ANP32A. Ya ndege nyingi ina kipande cha ziada cha asidi amino (vijenzi vya protini) 33 ambacho yetu haina, na kimeng'enya kilichozoea ndege kinalegea ndani ya seli ya binadamu. Hilo lilielezwa 2016. Mabadiliko ya asidi amino moja, katika nafasi ya 627 ya PB2, protini mojawapo ya kimeng'enya hicho, hutosha kurekebisha sehemu kubwa ya tatizo hilo. Kwa hiyo maabara zinazofuatilia mafua ya ndege kwa wanyama wanyonyeshao huitazama nafasi hiyo mapema kabisa.

Koni inayopenya kitundu

Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba VVU huingia, ganda lake la protini, yaani kapsidi, linavunjika kwenye majimaji ya seli, RNA inageuzwa kuwa DNA, kisha DNA inasafiri kwenda kwenye kiini. Maelezo hayo yalikuwa na kasoro: DNA ngeni ikielea nje ya kiini huamsha kigunduzi kiitwacho cGAS, ambacho huwasha kengele za kinga. VVU kwa kawaida haiwashi sana. Kwa nini?

Kapsidi ya VVU ni koni yenye urefu wa nanomita 120 hivi na upana wa 60 kwenye kitako. Imejengwa kwa nakala takriban 1,500 za protini moja, zilizopangika katika pembesita 250 hivi na pembetano 12. Pembetano 12 ni za lazima: bila hizo wavu wa pembesita haufungiki kuwa ganda. Katikati ya kila pembesita kuna tundu dogo linalovuta herufi za DNA kutoka kwenye majimaji ya seli, hivyo RNA inaweza kugeuzwa kuwa DNA humo humo ndani, bila ganda kufunguka na bila cGAS kuona kitu.

Kikwazo kilikuwa kitundu cha kiini, yaani mlango kwenye utando wake. Vipimo vilivyochukuliwa kwenye tando za viini zilizotolewa nje ya seli vilionesha upana wa nanomita 40 na kitu. Koni ya 60 haiwezi kupita hapo. Mwaka 2021 watafiti walizikata seli zilizogandishwa zikiwa nzima, wakazipiga picha za pande tatu, na vitundu vilikuwa na upana wa nanomita 64 hivi. Zaidi ya hayo, picha zilizikuta kapsidi zikiwa nzima ndani ya vitundu, ncha nyembamba ikitangulia. Kipimo cha zamani hakikuwa cha uzembe. Kitundu hutanuka na kusinyaa kulingana na mvutano wa utando wake, na kilipotengwa na seli kilikuwa kimesinyaa.

Upana peke yake hautoshi, kwani kitundu kimejaa nyuzi za protini zilizosongamana kama jeli, zinazozuia kila kikubwa kisicho na kibali. Kibali kwa kawaida hutolewa na protini wabebaji. Tafiti mbili za 2024 zilionesha kwamba kapsidi haihitaji mbebaji: ina vishimo mamia kwa mamia juu yake vinavyozishika nyuzi hizo moja kwa moja, ikayeyukia ndani ya jeli kama mbebaji mwenyewe.

Lenakapaviri, dawa ya VVU, inaingia kwenye vishimo hivyo hivyo. Inakaa kati ya protini mbili za ganda, inaziba mahali pa kushika nyuzi, na kuufanya wavu uwe mgumu kupita kiasi hadi uvunjike kabla ya wakati. Hatua ya mwisho nayo huharibika: virusi vipya vinaundwa na maganda yaliyopinda. Kwa kuwa dawa huyeyuka polepole sana chini ya ngozi, sindano hudungwa mara 2 tu kwa mwaka. Katika jaribio la PURPOSE 1 lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, ambalo matokeo yake yalitoka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 waliopewa sindano hiyo hawakupata maambukizi hata moja. Sijui mfano mwingine wa karibuni ambapo swali lililoonekana la kinadharia tupu, kwamba koni inapitaje kwenye kitundu, lilitembea sambamba hivi na dawa.

Karakana na kengele

Virusi vya korona havihitaji kiini. Vinajenga karakana kwa utando ulioporwa kutoka kwenye mtandao wa ndani wa seli: viputo vyenye kuta mbili, ndani yake RNA ikinakiliwa. RNA ya nyuzi mbili, ambayo seli huitambua kuwa dalili ya kirusi, inabaki imefungiwa humo. Swali la muda mrefu lilikuwa nakala hutokaje ikiwa viputo vimefungwa pande zote. Mwaka 2020 picha zilionesha vinyweleo vyenye umbo la taji la pembe sita vikitoboa kuta zote mbili.

Kengele hata hivyo hulia mara nyingine, na intaferoni, iliyogunduliwa 1957, ndiyo kengele kuu. Seli iliyogundua RNA ngeni huitoa nje, majirani wakiipokea huwasha mamia ya jeni za kujihami. Uzito wake ulionekana vizuri 2020: kati ya wagonjwa 987 waliokuwa mahututi kwa UVIKO-19, 101 walikuwa na kingamwili dhidi ya intaferoni zao wenyewe, wengi mno wakiwa wanaume. Kengele yao ilikuwa imefungwa kitambaa hata kabla kirusi hakijafika.

Yote yaliyotajwa hadi hapa ni wastani wa mamilioni ya seli, na wastani hudanganya. Ukichanganya idadi sawa ya seli na virusi vyenye uwezo wa kuambukiza, hutapata kirusi kimoja kwa kila seli. Hesabu ya bahati nasibu husema asilimia 37 ya seli hazitapata hata kimoja, nyingine 37 zitapata kimoja, na zilizobaki viwili au zaidi. Ukitaka zisizoambukizwa zishuke hadi asilimia 5, weka virusi 3 kwa kila seli, lakini hapo nyingi zitapata kadhaa kwa pamoja. Idadi yenyewe hupatikana kwa kuhesabu mashimo: akiba ya kirusi inapunguzwa makali mara 10, kisha mara 10 tena, kila hatua inamwagiwa kwenye tabaka la seli kwa saa moja, inafunikwa na jeli ili virusi vipya visiende mbali, na baada ya siku chache seli hai hupakwa rangi. Kila shimo jeupe limeanzishwa na kirusi kimoja. Mashimo yakiwa mengi huungana, yakiwa machache mno bahati hutawala. Sahani inayofaa ni ya kati.

Mwaka 2018 seli zilizoambukizwa mafua zilisomwa RNA moja baada ya nyingine. Katika baadhi, RNA za kirusi hazikufika hata asilimia 1 ya RNA mjumbe zote. Katika chache zilizidi nusu. Nyingine zilikosa kabisa jeni moja au zaidi kati ya 8 za kirusi, kwa hiyo hazingeweza kuzaa kirusi kamili. Yaani shamba moja, siku moja, mbegu ile ile, lakini mavuno ya sehemu kubwa yanatoka kwenye mashina machache.

Kutoka, au kutotoka

Virusi vingi vyenye utando hutoka kwa kuchipuka au kwa njia ya kawaida ya usafirishaji wa protini. Vya korona vilionekana 2020 vikipita kwenye lisosomu, mfuko ambao kazi yake ni kuyeyusha takataka. Vinanusurika kwa kuwa asidi ya mfuko imepunguzwa, na seli inalipa: haiwezi tena kusaga vizuri wala kuonesha vipande vya kirusi kwa chembe za kinga.

Kisha kuna virusi visivyotoka. Kirusi cha Epstein-Barr, kinachobebwa na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani, hulala kwenye chembe B za kinga maisha yote. Utafiti wa 2022 uliofuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani ulikuta uwezekano wa kupata maltipo sklerosisi, ugonjwa unaokula ala za neva, ukipanda mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi hiki. Wengi mno wanaokibeba hawaupati, kwa hiyo kirusi si sababu pekee. Sehemu ya maelezo ni protini yake EBNA1, ambayo kipande chake kinafanana na protini ya neva iitwayo GlialCAM, na kingamwili za baadhi ya wagonjwa hushika zote mbili.

Kikiwa kimelala, kirusi hicho hakinakili kwa kimeng'enya chake wala hakijengi ganda. EBNA1 inaishikiza DNA yake kwenye kromosomu, na seli inapogawanyika inainakili pamoja na yake. VVU hufanya jambo linalokaribia hilo ndani ya chembe za kinga zenye CD4 zilizopumzika: DNA yake imeshonwa katikati ya jeni za seli, kimya, bila RNA wala protini. Dawa zinazozuia kugeuza RNA, kushona DNA au kujenga ganda hazina pa kushika hapo, kwa sababu hakuna kinachoazimwa. Mgonjwa akiziacha, kwa kawaida kirusi huonekana tena kwenye damu ndani ya wiki chache.